Nimeigeuza pikipiki ya CG ya marehemu mjomba kuwa kafe resa (ya kukatwa siti na kushushwa usukani): inazimika mlimani na usukani unatikisika. Nilikosea wapi?

#1 Mwana_Igawilo
Wakuu, habari za leo. Niko Mbeya. Mjomba alipofariki alituachia pikipiki ya Kichina yenye injini ya CG, cc 150, aliyokuwa akibebea viazi na parachichi kutoka Rungwe. Sura ilikuwa imechoka lakini ilikuwa inawaka kiki moja. Wengine kwenye familia walitaka iuzwe kama chuma chakavu. Nikaomba nibaki nayo, niipe sura mpya, iwe kumbukumbu yake.

Nimefanya mwenyewe uani kwa wikiendi nne. Nimekata fremu nyuma, kama sentimita 18, nikachomelea bomba la mviringo na siti ya mtu mmoja. Boksi la eya klina nimelitoa, nikaweka koni kwenye kabureta. Sailensa nimekata, nikafunga fupi. Usukani nimetoa ule wa juu nikaweka vishikio vya kubana kwenye fokoni (miguu ya mbele), na fokoni zenyewe nimezipandisha sentimita 4 ili pua ishuke. Shokapu za nyuma zilikuwa za sentimita 34, sasa ni 36. Tairi la nyuma nimetoka 3.00-18 kwenda 4.10-18, rimu ileile. Taa zote LED, betri ndogo chini ya siti. Tenki na fremu nimepaka rangi upya, mfuniko wa tenki mpya.

Imependeza, watu wanasimama kuitazama. Ila ina shida hizi: ikiwa imesimama inaunguruma vizuri, lakini ukivuta mafuta kupita nusu inasita. Ukiachia mafuta inapiga kama bunduki. Kupanda kutoka Igawilo kwenda Isyonje gia ya nne haivuti, ya tatu kwa shida, na Jumapili ilizimika kabisa mlimani. Nikakaa kama dakika kumi, nikapiga kiki, ikawaka. Plagi nimefungua, nyeupe. La pili, kuanzia spidi 70 usukani unatikisika. Kwenye mteremko kabla ya Kiwira ulinitupa pembeni hadi kwenye migomba. Sikuumia, lakini sitaki kurudia. Taa ya mbele nimeunguza mbili, na nikiwasha indiketa ya kulia zinawaka zote nne.

Naomba msaada wa kweli. Sitaki kuirudisha kwa familia ikiwa imekufa mikononi mwangu.

#2 Kamba_ya_Klachi
Pole kwa msiba na pole kwa migomba. Weka picha mkuu. Na swali moja: siti ya mtu mmoja, shemeji anakaa wapi?

#3 Mzee_wa_Plagi
Kijana, plagi imeshakujibu. Nyeupe maana yake hewa nyingi, mafuta kidogo. Kahawia ya kahawa ya maziwa ndiyo afya, nyeusi ya masizi ni mafuta mengi. Lile boksi ulilotoa halikuwa pambo. Waliotengeneza kabureta walichagua jeti (kitundu kinachopima petroli) wakijua hewa inapita kwenye boksi lile na moshi unatoka kwenye sailensa ile. Umefungua pande zote mbili, hewa inaingia kama mlango uko wazi, jeti ni ileile. Mlio wa bunduki ukiachia mafuta ni hewa na petroli isiyoungua vinavyowakia kwenye ekzosi.

Jaribio lisilo na gharama: ikianza kusita, vuta choki (inayopunguza hewa) kidogo. Ikipata nguvu, ni njaa ya mafuta. Ikizidi kusita, tutafute kwingine. Na usiendelee kuipandisha mlima hivyo, joto la mchanganyiko mwembamba ndilo linalonokisha pistoni.

#4 Dereva_Kyela
Mzee hapo sawa, ila mmesahau Mbeya iko juu, mita 1,700 hivi. Hewa ya kule nyepesi ndiyo inafanya mafuta yawe kidogo. Akishuka Kyela itapona yenyewe.

#5 Mhandisi_Kimya
#4, ni kinyume chake. Juu hewa ni nyepesi lakini kabureta inaendelea kunyonya petroli karibu kiasi kilekile, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito na plagi inaelekea weusi. Pikipiki iliyorekebishwa Dar ikija Mbeya inakuwa na mafuta mengi. Kama yake ni nyeupe hapo Mbeya, akishuka Kyela itakuwa nyeupe zaidi. Jambo moja la kweli ulilogusa: kwa urefu ule injini isiyo na tabo (kisukuma hewa) inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu hata ikiwa nzima. Kwa hiyo sehemu ya ule uzito wa Isyonje ilikuwepo hata enzi za mjomba wake.

#6 Dereva_Kyela
Nimekubali, asante kwa darasa. Ila mjomba wake alikuwa anapanda na magunia ya viazi.

#7 Mwana_Igawilo
Kweli kabisa, alikuwa anapanda na magunia mawili na haikuzimika. @Kamba_ya_Klachi, shemeji yako ameniuliza hilohilo, na siti ya zamani nimeitunza. Kesho najaribu choki.

#8 BintiGereji
Habari wakuu, natokea Morogoro, nina gereji ndogo ya pikipiki. Sibishi jeti. Lakini njaa ya jeti haizimi injini kisha ikaiwasha baada ya dakika kumi. Soma tena #1: "mfuniko wa tenki mpya". Mfuniko wa zamani una tundu dogo la kuvutia hewa. Mifuniko mingi ya urembo inayouzwa haina, au rangi imeliziba. Petroli ikishuka na hewa isiingie, tenki linajivuta, mafuta yanaacha kutiririka, bakuli la kabureta linakauka, plagi inakuwa nyeupe, injini inazima. Ukikaa, hewa inajipenyeza, inawaka. Nimeshaona hilo kwa mteja aliyekuwa ameshanunua kabureta mpya.

Panda na mfuniko ukiwa umelegezwa, tenki lisijae, uwe mwangalifu. Ikizima, fungua mfuniko hapohapo usikilize kama linafyonza.

#9 Mzee_wa_Plagi
Binti umenena vizuri. Lakini na mimi naongeza: injini ya CG valvu zake zinasukumwa na vijiti, tapeti (nafasi ndogo kati ya valvu na kinachoisukuma) zinapimwa injini ikiwa baridi, milimita 0.08 kuingiza na kutoa. Ikiwa ya ekzosi imebana, injini ikipata moto shina linarefuka, valvu haifungi, kompresheni inaondoka, inazima. Ikipoa inawaka. Dalili zilezile. Lini mara ya mwisho zimepimwa kwa fila geji (vibati vya kupimia nafasi) na si kwa kutikisa kwa kidole?

#10 Pwani_Kutu
Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Unguja. Mie wangu ni Vespa, lakini umeme ni umeme. Huyu ndugu amepaka rangi fremu nzima. Rangi ni kizuizi. Ile regyuleta (kidhibiti volti) inategemea bolti zake zishike chuma kitupu, ndipo ipate arthi (njia ya umeme kurudi kupitia fremu). Ikikosa arthi haijui kuzuia, volti zinapanda na injini, taa zinaungua. Koili ya plagi nayo imefungwa kwenye fremu hiyohiyo. Cheche ikiwa dhaifu, ukibebesha injini mzigo inapiga misi. Huku kwetu chumvi ya bahari inatufanyia kazi hiyo bila rangi, kila mwaka nasugua arthi zote kwa msasa.

Ulichomelea fremu betri na CDI (kisanduku kinachotoa umeme wa cheche) vikiwa vimefungwa? Sema kweli.

#11 Mwana_Igawilo
Betri nilitoa. CDI niliiacha. Sikujua.

#12 Kamba_ya_Klachi
Basi CDI imekwenda. Na hiyo betri ndogo ndiyo inaleta misi, haina nguvu ya kupiga cheche.

#13 Mhandisi_Kimya
#12, betri tuitoe kwenye kesi. CG nyingi za aina hii CDI inakula umeme wa koili yake ndani ya magneto (jenereta ndogo ya injini), haigusi betri. Ndiyo maana hawa bodaboda wanatembea miezi bila betri na wanawasha kwa kiki. Kuhusu CDI, inawezekana iliumia, lakini CDI iliyoumia kwa kuchomelea mara nyingi inakufa moja kwa moja, haisubiri mlima. Njia rahisi ni kuazima ya mwenzako mwenye injini ya aina hiyo, kwa nusu saa.

Taa: kwenye pikipiki hizi taa kubwa mara nyingi inapewa umeme wa magneto moja kwa moja, usiopitia betri, unaokwenda na kurudi. LED iliyotengenezwa kwa ajili ya betri haiupendi, inameta kisha inakufa. Kwa hiyo arthi ya #10 inaweza kuwa kweli, na hili pia likawa kweli. Pima volti kwenye betri ukiwa umevuta mafuta. Ikizidi 15, Pwani ameshinda. Ikiwa 14 na kitu, rudi kwangu.

Indiketa kuwaka zote nne ni jambo la kawaida. Kwenye dashibodi una kitaa kimoja cha pande zote mbili, kimeunganishwa kati ya kulia na kushoto. Balbu za zamani zilihitaji umeme mwingi, ule mdogo unaopita kwenye kitaa haukuziwasha. LED zinawashwa na huohuo mdogo. Weka dayodi mbili za 1N4007 (zinapitisha umeme upande mmoja tu), moja kila upande, kitaa kikae baada yake kiende arthi.

#14 Pwani_Kutu
Ahsante kwa heshima uliyonipa, ingawa nasubiri mita ndo iseme.

#15 Nduthi_Mombasa
Wakuu, nimesoma yote na hakuna mtu ameongea juu ya ile shida inaweza kuua huyu ndugu. Injini ikizima unasukuma. Usukani ukitikisika kwa 70 unazikwa. Mimi nilikata fremu yangu mwaka juzi, fundi akachomea hapo karibu na shokapu. Nikiwa Mariakani nikitoka kubeba mzigo, nikasikia nyuma inaenda kushoto peke yake. Kusimama, bomba limepasuka nusu ya duara. Wewe ulikata mbele au nyuma ya mahali shokapu inashika? Hilo ndilo swali la kwanza.

#16 Mwana_Igawilo
Nyuma ya shokapu, sentimita 3 hivi kutoka kwenye bati linaloishika.

#17 Nduthi_Mombasa
Sentimita tatu ni karibu sana bana. Joto la kuchomea linafika hapo. Na ndani ya lile bomba uliweka kipande cha bomba dogo, ama ulibandika tu uso kwa uso?

#18 Mwana_Igawilo
Uso kwa uso.

#19 BintiGereji
Mungu wangu. Kaka, usiipande tena mpaka hapo pakaguliwe. Nisameheni kwa ushauri wangu wa #8 wa kupanda mlima na mfuniko wazi. Jaribio hilo lifanyike taratibu, barabara tupu, spidi ya baiskeli.

#20 Mhandisi_Kimya
Kuhusu kutikisika, kabla ya kulaumu welding tuangalie alichofanya mbele. Chukua mstari wa shingo ya usukani uushushe hadi ardhini, kisha pima kurudi nyuma mpaka pale tairi linapogusa lami. Umbali ule ndio unaolifanya gurudumu lijinyooshe lenyewe, kama magurudumu madogo ya toroli yanavyofuata nyuma ya vikonyo vyake. Ameshusha mbele sentimita 4, amepandisha nyuma zaidi kidogo ya 2. Kati ya ekseli na ekseli ni kama mita 1.25, kwa hiyo pikipiki yote imeinama mbele karibu nyuzi 3, na ule umbali umepungua sentimita moja na nusu hivi kati ya nane au tisa alizokuwa nazo. Inakuwa nyepesi kukata kona na haitulii kwenye mwendo.

#21 Mzee_wa_Plagi
Hesabu nzuri. Lakini gololi za shingo je? Pikipiki ya viazi miaka yote hiyo, vikombe vya shingo vina mashimo. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani pole pole. Ukisikia unakwama katikati kama unaingia kwenye kishimo, ndiyo hiyo.

#22 Dereva_Kyela
Na mimi nalisema tairi. 4.10 kwenye rimu ya 3.00 linabanwa kiunoni, linakuwa la duara kama yai. Nilifunga mimi, kila mstari wa lami ulikuwa unanivuta. Hapa sidhani kama nimekosea tena.

#23 Mhandisi_Kimya
Hapana, hapo uko sahihi.

#24 Nduthi_Mombasa
Hata gurudumu la nyuma laweza kuwa halijanyooka na la mbele. Chukua uzi, si huu tunaoandika, ule wa kushonea viatu. Funga nyuma ya tairi la nyuma, uvute pande zote mbili hadi mbele, kimo cha ekseli. Nafasi kwa tairi la mbele iwe sawa kushoto na kulia.

#25 Kamba_ya_Klachi
Wakati tunasubiri vipimo: hivi hizi kafe resa nani alizianzisha? Maana naona kila kijana anakata siti.

#26 Mzee_wa_Plagi
Waingereza. Vijana wa London miaka ya 1950 na 1960 walikuwa wanakutana kwenye mikahawa ya madereva wa malori, maarufu zaidi Ace Cafe, uliofunguliwa 1938, ukapigwa bomu vitani, ukajengwa upya 1949, ukafungwa 1969, ukarudi 2001. Walikuwa wanapunguza uzito na kushusha usukani ili wafikishe maili 100 kwa saa. Wengine walichukua injini ya Triumph wakaiweka kwenye fremu ya Norton, wakaiita Triton. Angalia jambo hilo: walitafuta fremu bora zaidi kwanza. Sisi tunaanza na grenda.

#27 Kamba_ya_Klachi
Shikamoo mzee. Nimejifunza.

#28 Mwana_Igawilo
Wakuu nimerudi na vipimo. Samahani kwa kimya cha siku tano, nilikuwa kazini.

Choki: nikivuta kidogo inapata nguvu, kama mzee alivyosema. Nimepata jeti ya 105 kutoka Kariakoo kwa basi, iliyokuwepo ilikuwa 98. Mfuniko: haukuwa na tundu kweli, nimelitoboa. Tapeti ya ekzosi ilikuwa imebana, fila geji ya 0.05 haikuingia. Nimeweka 0.08 zote mbili. Volti kwenye betri ukivuta mafuta zilifika 15.9. Nikasugua rangi chini ya regyuleta na chini ya koili, zikashuka hadi 14.3. Dayodi nimefunga, indiketa zinawaka upande mmoja.

Nimeijaribu polepole, mara mbili tu, spidi haikuzidi 40. Plagi sasa ni kahawia na mlio wa bunduki umepungua sana. Mara ya kwanza ilipanda kipande cha mlima bila kuzimika. Mara ya pili ikazimika palepale. Nikafungua mfuniko, hakuna kufyonza. Nikasubiri dakika tano, ikawaka.

#29 Pwani_Kutu
14.3! Alhamdulillahi.

#30 BintiGereji
Kaka, hongera kwa kazi, lakini umetubadilishia vitu vitano siku moja. Plagi imekuwa kahawia kwa sababu ya jeti, au tundu la mfuniko, au tapeti? Sasa hatujui. Kila kimoja ungekijaribu peke yake. Hilo la kuzimika bado lipo, na tundu lipo, kwa hiyo nadharia yangu imedhoofika, ingawa sijaiacha. Ulipaka tenki ndani pia? Vumbi la kutu na rangi linakusanyika kwenye koki, injini ikidai mafuta mengi mlimani linaziba.

#31 Mzee_wa_Plagi
Mimi nasema kiti cha valvu ya ekzosi kimeshaungua kwa kutembea imebana. Kuweka 0.08 leo hakurudishi kilichoungua. Pima kompresheni ikiwa ya moto.

#32 Mhandisi_Kimya
Na mimi nasema koili ya ndani ya magneto, au CDI. Koili yenye waya uliochoka inakatika ikipata joto na kurudi ikipoa. Ikizima tena mlimani usikae tu: chomoa plagi, iegemeze kwenye silinda hedi mbali na tundu lake na mbali na petroli, piga kiki. Cheche ipo, ni mafuta au valvu. Haipo, ni umeme. Dakika zile kumi ndizo pekee zenye jibu.

#33 Dereva_Kyela
Au petroli ya kidumu yenye mafuta ya taa. Ulijaza wapi?

#34 Mwana_Igawilo
Kituoni, Uyole, siku zote hapohapo.

Usukani: fokoni nimezishusha zikawa kama zamani. Gololi za shingo hazina kishimo. Uzi unaonyesha gurudumu la nyuma limeenda kushoto milimita 6. Nilipoirekebisha cheni kwa alama za ekseli zikawa 4. Sijaijaribu kwa mwendo.

#35 Nduthi_Mombasa
Milimita 4 zilizobaki baada ya kurekebisha ekseli zimetoka wapi? Hiyo inaweza kuwa fremu.

#36 Mzee_wa_Plagi
Au bushi za swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) za pikipiki ya viazi. Shika gurudumu la nyuma ulivute kulia na kushoto.

#37 Dereva_Kyela
Rudisha tairi la 3.00 kwanza jamani.

#38 Mwana_Igawilo
Mzee, gurudumu linacheza kidogo, kidogo sana, sijui kama ni bushi au ni beringi.

Lakini kuna jambo nimeona nikiwa nimeinama pale. Upande wa kushoto, kwenye rangi, chini ya welding, kuna mstari mwembamba kama unywele, urefu wa kucha. Inaweza kuwa rangi tu imepasuka, niliipaka nene. Nimeishusha kwenye stendi na ufunguo nimempa mama.

#39 Nduthi_Mombasa
Umefanya vizuri sana ndugu yangu.

#40 BintiGereji
Usikwangue bado. Paka mafuta ya taa hapo, acha nusu saa yaingie. Futa kabisa mpaka pakauke. Halafu paka unga wa chaki uliolowekwa kwa spiriti, acha ukauke uwe mweupe. Kama ni ufa wa chuma, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka polepole na kuchora mstari kwenye chaki. Kama ni rangi, chaki itabaki nyeupe, au mstari utakuwa hafifu na mfupi. Mafundi wa zamani wa reli walikuwa wanakagua hivyohivyo.

#41 Mzee_wa_Plagi
Rangi nene nayo inashika mafuta, binti. Aikwangue mpaka chuma ndipo apake, la sivyo chaki itamdanganya.

#42 BintiGereji
Akikwangua kwa grenda ataziba ufa kwa kuusugua. Kwa dawa ya kutoa rangi, sawa.

#43 Mwana_Igawilo
Nimetoa rangi kwa dawa, sikugusa grenda. Mafuta ya taa nimepaka saa kumi na moja, nimefuta, chaki imeshakauka. Giza limeingia na umeme umekatika huku, kwa tochi ya simu siwezi kusema naona nini. Nasubiri kukuche.